Kadi Iliyozaliwa Jumamosi

Kabla ya kuondoka kituoni asubuhi ile ya Jumatano, Sajini Kathini alisimama mbele ya seli ya wanawake, funguo za gari mkononi, na Mutanu akamuuliza swali moja tu. Hakuuliza kama ataachiliwa. Aliuliza kama amwachishe mtoto ziwa.

Mtoto alikuwa wa miezi minane, amelala begani mwa mama yake, mkono mmoja umeshika kola ya blauzi. Mutanu alieleza bila kulia, kama mtu anayepanga kazi ya shamba. Kesho ni kortini. Mwendesha mashtaka ameshasema ataomba awekwe rumande. Alijua gerezani wanaruhusu mama kuingia na mtoto mchanga, lakini yeye wake hampeleki huko. Mama yake mzazi angekuja kumchukua leo jioni. Sasa kama mambo ni hayo, ni heri mtoto aanze kuzoea kikombe leo akiwa bado anauona uso anaoujua.

"Niambie kabla ya saa kumi na mbili," alisema. "Nikianza sitaki kurudi nyuma. Itamchanganya."

Kathini alisema atampigia simu askari wa zamu. Hakuahidi kitu kingine. Alikuwa amelala kwa saa nne tu, na miaka tisa ya kazi, sita yake Kitui, ilikuwa imemfundisha kutoahidi kitu kabla ya chai.

Ndani ya gari, Konstebo Ngure aliweka bahasha ya vielelezo magotini na kuifunga mkanda kana kwamba ni abiria.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jumapili tarehe nane Machi, mzee Muindi, mpimaji mstaafu wa miaka sabini na mbili, alikutwa amekufa kwenye korongo nje kidogo ya Mbumbuni, kichwa kimegonga jiwe. Korongo hilo liko chini ya kisima cha Mutanu, na aliyekutwa amemshika mzee ni Mutanu. Alisema alisikia mawe yakiporomoka akashuka mbio. Majirani walimwamini kwa siku kumi na mbili. Ndipo Kilonzo alipokuja kituoni.

Kilonzo alikuwa shemeji ya Mutanu, ndugu ya marehemu mumewe, na katibu wa kamati ya ardhi. Alileta oganaiza ya mzee: kikompyuta cha mkononi cha zamani, kirefu kama kipochi cha miwani, chenye vibonye vya herufi na kioo kidogo cha mistari minne, na nyuma mashimo mawili ya kuchomeka kadi za kuhifadhia habari. Mzee Muindi alikuwa ametunza humo mipaka ya nusu ya lokesheni kwa zaidi ya miaka thelathini. Mtu akigombana na jirani juu ya mkonge wa mpaka uliong'olewa, mzee alichomeka kadi, akasoma, ugomvi ukaisha. Ndani ya kadi aliyoileta Kilonzo mlikuwa na kumbukumbu moja: kisima kiko upande wa Kilonzo. Fundi wa kompyuta wa kituo aliichomoa kadi hiyo, akaisoma kwa kifaa chake, akachapisha karatasi. Kadi ilitayarishwa tarehe 14 Machi 1998, saa nane mchana.

Kwa hivyo hadithi ikawa imekamilika. Mzee alitaka kuisoma kadi hiyo mbele ya kamati Jumatatu tarehe tisa. Mutanu alijua atapoteza kisima. Jumapili mzee akaanguka.

"Mimi naona imekaa sawa," Ngure alisema. "Wewe ni nini inakusumbua, Sajini?"

"Kadi nzima kwa kumbukumbu moja," Kathini alisema. "Wewe ungenunua daftari nzima uandike mstari mmoja?"

Ngure alifikiri, akasema yeye huwa anafanya hivyo kila Januari.

*

Mama Ndila, mjane wa Muindi, aliwapokea kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, akawaonyesha chumba cha kazi cha marehemu. Palikuwa na meza, kiti kimoja, mnyororo wa kupimia umetundikwa msumarini, na ukutani kalenda ya duka la mbegu, imekuwa ya manjano kama jani la mhindi. Ilikuwa ya mwaka wa 1998. Kila siku ya Machi ilikuwa imekatwa kwa penseli hadi Jumamosi tarehe saba, halafu basi. Kathini aliitazama kidogo tu. Wazee wengi huacha kalenda ikizeeka ukutani pamoja nao.

Alichotaka kilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti. Mama Ndila alifungua, akatoa kadi mbili mpya, kila moja kwenye karatasi yake ya nailoni.

"Zilikuwa tatu, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema. "Mwanetu Wayua alizileta Desemba, zikiwa zimetafutwa Nairobi yote. Baba yake alizifurahia kama mtoto. Alisema hatazigusa mpaka ile ya zamani ijae kabisa."

"Hii ya tatu aliifungua lini?"

Mama Ndila hakujua. Alisema tangu kifo hajaufungua mkebe ule, na oganaiza yenyewe alidhani ilichukuliwa na polisi siku ya kwanza.

Kathini aligeuza zile kadi. Nyuma kila moja ilikuwa na namba imegongwa kwenye plastiki: moja inaishia 417, nyingine 419. Alimwomba Ngure afungue bahasha. Kadi ya Kilonzo iliishia 418.

Walizipanga mezani, 418 katikati. Kisha Ngure, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kusema yale wakili wa upande wa pili angesema, alisema hilo halimsaidii Mutanu. Sawa, kadi imenunuliwa Desemba, basi haiwezi kuwa ya 1998. Lakini mzee mwenyewe angeweza kuitayarisha Januari, akanakili kumbukumbu ya zamani. Tarehe imekosea kwa sababu saa ya mashine ni mbovu. Mashine ya zamani hivyo, saa yake itakuwa sawa kweli?

"Hapo umesema kitu," Kathini alisema.

"Nimekosea?"

"Hapana. Tunaenda kuuliza kama saa ni mbovu."

Alimwandikia Mama Ndila risiti ya zile kadi mbili, akamwomba aweke sahihi, akanywa chai iliyobaki ikiwa baridi.

*

Wahome alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Emali, ng'ambo ya stesheni ya reli, ambako malori yakipita kila kikombe mezani hutetemeka. Alikuwa ametoka Nyeri miaka arobaini iliyopita kuja kufunga simu za reli, akaoa hapa, akabaki. Alipoiona oganaiza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Siku hizi mnaniletea wagonjwa ambao mimi nilishawazika," alisema.

Ngure alimsalimia kwa Kikuyu, na mzee akamjibu kwa Kikamba safi, akamuuliza kama mama yake anajua amekuwa mwembamba hivi. Kathini aliwaacha wamalize. Kisha akaeleza anachotaka, polepole, na kumwambia Ngure aandike kila hatua na saa yake, kwa sababu mtu angekuja kuwauliza kila kitu mbele ya hakimu.

Wahome alieleza kwanza. Kadi mpya haijui kitu. Ukiichomeka mara ya kwanza, mashine inaikagua, inaona ni tupu, inakuuliza kama uitayarishe. Ukikubali, inaandika mwanzoni mwa kadi ukubwa wake, mwaka, mwezi, siku na saa. Inachukua kama nusu dakika. Baada ya hapo haikuulizi tena maisha yote ya kadi hiyo.

"Ni kama kumwandikia mtoto cheti cha kuzaliwa," alisema. "Ndiyo kadi imezaliwa."

"Naweza kukibadilisha hicho cheti?"

"Kwa vibonye hivi, huwezi. Hata ukifuta neno, halitoki, linafichwa tu. Kuifuta kadi kweli kweli unahitaji taa yake maalumu, na ukifanya hivyo unafuta yote, inarudi kuwa tupu. Taa hiyo niko nayo mimi. Sijui mwingine huku mpaka Mombasa."

"Na hiyo tarehe inatoka wapi?"

"Kwa saa ya mashine yenyewe. Mashine ikidanganya, kadi inadanganya."

Ngure alimtazama Kathini kwa macho ya si nilikuambia.

Kathini alipiga picha ya oganaiza kabla haijaguswa, akamuuliza Wahome kama betri iliwahi kufa. Mzee alifungua kifuniko, akapima. Betri ilikuwa bado na nguvu, na ndani ya kifuniko palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko mdogo: kila mara ilipobadilishwa, tarehe. Muindi alikuwa akibadilisha betri kila miezi mitatu, iwe imechoka au haijachoka. Betri haikuwahi kufa, Wahome alisema, kwa hivyo saa haikuwahi kusimama.

"Basi chukua ile ya 417," Kathini alisema. "Itayarishe mbele yetu."

Wahome alitoa kadi kwenye nailoni, akaisukuma kwenye shimo la nyuma mpaka ikasikika ikikaa. Akawasha. Kioo kikaonyesha orodha ya kazi. Alishuka kwa kibonye cha mshale, akachagua, na mashine ikauliza. Akabonyeza ndiyo. Vidoti vikaanza kutembea kwenye kioo, polepole, kimoja kimoja. Lori likapita. Vikombe vikatetemeka. Vidoti vikafika mwisho.

"Imezaliwa," Wahome alisema. Akafungua ukurasa wa mwanzo wa kadi, akawageuzia kioo.

Kathini alisoma kwa sauti ili Ngure aandike. "Jumatano. Tarehe ishirini na tano Machi. Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane. Saa tano."

Ngure alicheka. Alisema mashine ilikuwa imelala miaka ishirini na minane ikaamka ikiuliza bei ya mkate. Halafu akasema kwa upole kidogo kwamba basi ndiyo hivyo, Sajini, saa ni mbovu, na Mutanu hana bahati.

Kathini alitoa simu mfukoni. Alitazama saa ya simu yake. Ilikuwa saa tano na dakika nne.

"Leo ni siku gani?" aliuliza.

"Jumatano."

"Tarehe?"

"Ishirini na..." Ngure akarudisha macho kwenye kioo.

"Saa ni sawa. Tarehe ni sawa. Mwezi ni sawa," Kathini alisema. "Hata jina la siku ni sawa. Saa mbovu haikosei mwaka peke yake."

Wahome ndiye aliyesema kilichokuwa kimebaki, tena kama jambo la kawaida. Mashine hizi zilitengenezwa na watu ambao hawakufikiri kuna mtu angezitumia hadi leo. Mwaka wa mwisho zinaokubali ni 1999. Ukiandika elfu mbili, zinakataa. Wengi walizitupa. Mwenye hii hakuitupa.

Kathini alikumbuka kalenda ya manjano, na penseli iliyosimama tarehe saba. Alimpigia simu Mama Ndila palepale, akaweka sauti nje ili Ngure asikie. Alimuuliza kwa nini mzee alitundika kalenda ya zamani hivyo.

Mama Ndila alishangaa kuwa hilo ni swali. Alisema ziko nyingi sandukuni, hakuna hata moja aliyotupa tangu waoane. Kila mwaka mpya alitoa moja. Alisema siku hurudi mahali pake baada ya miaka ishirini na minane, Jumapili inakaa juu ya Jumapili, na kengele ya mashine inamwamsha kwenda kanisani bila kosa. "Mimi nilikuwa namcheka," alisema. "Nilimwambia wewe unaishi nyuma yetu. Alisema mradi nisikose ibada."

"Mama, samahani kukurudisha huko. Mlimzika lini?"

"Jumamosi hiyo. Tarehe kumi na nne."

"Saa ngapi mlikuwa kaburini?"

"Saa saba tulitoka kanisani. Saa nane tulikuwa kaburini, sote."

Kathini alishukuru. Ngure alikuwa ameacha kuandika.

"Andika," alimwambia. "Kadi 418 ilitayarishwa tarehe kumi na nne Machi mwaka huu, saa nane. Mzee Muindi alikuwa anashushwa kaburini."

Wahome alivua miwani tena. Alisema yeye yuko tayari kuweka sahihi, na kama watamwita kortini, wamwite siku isiyo ya soko.

*

Kuandika taarifa ya Wahome kulikula mchana, wakafika Mbumbuni saa kumi na nusu. Kathini alikuwa hajala tangu kiazi cha asubuhi, na vumbi lilikuwa limemkaa kooni. Kilonzo alikuwa kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, nyuma ya kaunta, mbele yake ndoo za misumari zilizopangwa kwa urefu. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Mwiitu wetu," alisema. "Umerudi tena? Ama Kitui walikufukuza kwa kuuliza sana?"

Kathini alisema amekuja kukamilisha taarifa yake tu, kesho ni kortini, hapendi karatasi yenye mapengo. Kilonzo alifurahi kusaidia. Alimpa kiti. Ngure alibaki mlangoni.

Alirudia yote kama alivyoyasema mwanzo. Mzee Muindi alimkabidhi oganaiza na kadi Ijumaa tarehe sita Machi, kwa usalama, kwa sababu alimwogopa Mutanu. Yeye aliiweka kabatini, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo haukutoka kiunoni mwake mpaka tarehe ishirini alipoileta kituoni.

"Hakuna mtu mwingine aliyeigusa katikati hapo?"

"Hakuna."

"Na wewe uliiwasha?"

"Mimi? Hata redio naomba watoto waniwashie."

Ngure aliandika, akamsomea, Kilonzo akaweka sahihi kwa kalamu yake mwenyewe. Kathini alisubiri wino ukauke.

"Siku ya mazishi ulikuwa wapi?"

"Pale pale. Nilibaki kulinda nyumba. Si unajua, watu wakienda kaburini lazima abaki mtu mzima, siku hizi wanaiba hata sufuria za matanga."

"Ulibaki na nani?"

"Peke yangu. Wengine walitaka kumuaga mzee. Mimi nilijitolea."

Kathini alitoa kadi mbili, akaziweka juu ya kaunta kando ya misumari, kila moja na karatasi yenye tarehe yake. Alisema ile ya kushoto Kilonzo anaijua. Ya kulia imetayarishwa leo asubuhi kwa mashine ile ile, mbele ya mashahidi wawili. Alimwomba aisome tarehe yake.

Kilonzo alisoma. Aliinua karatasi karibu na macho, akasoma tena.

"Mashine imeharibika," alisema.

"Mwaka ndio wa uongo. Mzee aliuweka hivyo makusudi, mkewe atakueleza. Siku haijakosea. Sasa soma ya kwako."

Hakuisoma. Alikuwa akiijua. Kidole chake cha shahada kilianza kutembea juu ya kaunta, kikigonga mbao, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kinahesabu kwenda mbele, kisha kinarudi. Kathini alimwacha ahesabu. Alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba kadi hiyo ilikuwa ndani ya mkebe katika nyumba aliyobaki akiilinda peke yake. Na kama mashine ilikuwa kabatini kwake tangu tarehe sita, bila kuguswa na mtu, basi aseme mwenyewe nani aliitayarisha kadi tarehe kumi na nne. Na kama kadi iliandikwa mzee akiwa ameshakufa, Mutanu hakuwa na kitu cha kuogopa Jumapili ile. Hakukuwa na kadi. Hakukuwa na sababu ya kumsukuma mtu.

"Hakuna aliyemsukuma," Kilonzo alisema haraka. "Mzee aliteleza mwenyewe. Huyo mwanamke hakuwa hata amefika."

Nje mtu alikuwa akibembeleza punda.

Kathini hakusogea. "Ngure," alisema, "andika hivyo hivyo alivyosema. Na saa."

"Kumi na moja na dakika ishirini."

"Kilonzo, ulikuwa umesimama wapi, ukamwona mzee akiteleza na Mutanu hajafika?"

Kilonzo alitazama misumari yake. Alichukua mmoja mrefu uliokuwa umeingia kwenye ndoo ya mifupi, akaurudisha mahali pake. Alisema hatasema kitu kingine bila wakili. Kathini alisema hiyo ni haki yake, akamsomea nyingine zote, akamwomba afunge duka na alete ufunguo wa kabati, kwa kuwa kadi ya zamani ya mzee ilikuwa bado haijaonekana. Mke wake alitokea mlango wa nyuma na birika la chai kwa wageni, akaona pingu mkononi mwa Ngure, akasimama hapo hapo na birika lake.

Walipofika garini ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Kilonzo alikaa nyuma, mikono magotini. Kathini alisimama nje, mgongo umeegemea mlango, akampigia simu Katunge, askari wa zamu.

Alimuuliza kama mama yake Mutanu amefika. Katunge alisema yuko hapo kwa benchi, amefungasha leso na uji kwenye chupa ya joto.

"Mwambie Mutanu aendelee kunyonyesha."

"Nimwambie tu hivyo?"

"Hivyo tu. Mengine nitamwambia nikifika."

Alisikia viatu vya Katunge vikienda koridoni, kisha mlango, kisha maneno ya chini ambayo hakuyashika. Mtoto alilia kidogo, kama anayeamshwa, halafu akanyamaza ghafla, kimya cha mtu aliyepata anachotaka.

Katunge alirudi kwenye simu. "Alikuwa ameshaosha kikombe, Sajini. Kiko hapa juu ya dirisha. Nikifanye nini?"

"Kiache hapo," Kathini alisema. "Nikifika nitakinywea chai."